Legeza, Usifungue

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii ilizaliwa pwani, miongoni mwa watu waliotazama vyombo vikipasua maji wakayakumbuka mashoka, randa na misumari ya fundi aliyeviunda. Sisi wa bara, ambao vyombo vyetu hubingirika badala ya kuelea, twaweza kuisoma upya bila kuiharibu. Gari linalopita juu ya shimo abiria asimwage chai yake halipiti hivyo kwa bahati. Chini ya sakafu yake pana vyuma, mipira na mafuta yanayopokea kipigo kwa niaba ya aliyeketi juu. Kazi yake ikiwa njema, hakuna anayeikumbuka. Ikiwa mbaya, mgongo wa abiria hukumbuka kwa muda mrefu.

Haya nayaandika nikiwa mwanafunzi wa Kiswahili. Sikusomea uhandisi, wala sidai ustadi wa gereji. Hata hivyo, wakati wa likizo iliyopita nilishiriki kazi ya kufunga shoki na springi mpya katika gari la kaka yangu, uani kwetu, viungani mwa mji wa Nakuru. Kazi hiyo ilituchukua siku mbili. Ilinifunza jambo ambalo sikulipata katika mihadhara ya mofolojia wala ya semantiki: kwamba mahali panapofanywa kazi ya hatari, neno sahihi ni kifaa sawa na spana, na kwamba vitenzi vya Kiswahili vinaimudu kazi hiyo kuliko wengi wetu tunavyoamini.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX la mwaka wa 1998. Msomaji aliyekulia Bonde la Ufa hana haja ya kuelezwa kwa nini kijana wa Nakuru alitamani gari la aina hiyo. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka wa 1953, kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Tangu hapo vizazi kadhaa vya watoto vimesimama kando ya njia vikimeza vumbi kwa furaha. Katika miaka ya 1990 watoto hao walimshangilia Mkenya mwenzao, Patrick Njiru, akiendesha magari ya Subaru. Mwaka wa 1997 Colin McRae wa Uskoti alishinda Safari akiwa katika Impreza, na mwaka wa 2000 Richard Burns wa Uingereza akashinda kwa gari la aina hiyohiyo. Baada ya mwaka wa 2002 Safari iliondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia, ikarejea mwaka wa 2021, makao yake yakiwa Naivasha. Kaka yangu ni mtoto wa vumbi hilo. Alipopata kazi na kuweka akiba, alinunua Impreza iliyokwisha kupita mikononi mwa wenyewe kadhaa, akailaza uani kama mtu aliyeleta ng'ombe wa maziwa.

Tatizo ni kwamba gari hilo ndilo gari la pekee nyumbani. Mama ana maradhi ya mgongo, naye hupelekwa Nairobi kila mwezi kumwona daktari. Shoki za gari zilikuwa zimechoka. Kila tuta la barabarani lilimfanya Mama ashike kiti kwa mikono miwili na kufumba macho. Tulipofika Naivasha alikuwa ameshasali sala zote anazozijua. Kwa hivyo, siku kaka alipotangaza kuwa amenunua shoki mpya, kila mmoja alifurahi kwa sababu yake. Mama alifurahi kwa kuwa atapumzika. Kaka alifurahi kwa kuwa shoki hizo ni za aina ambayo vijana wa magari huiita koilova: shoki na springi vilivyofungamanishwa, mwili wa shoki ukiwa umechongwa hesi kama parafujo, ili mwenye gari aweze kulishusha karibu na ardhi kadiri apendavyo. Furaha mbili za namna hiyo hazikai chungu kimoja bila mvuke.

Ili msomaji auelewe mvutano huo, yafaa kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya. Springi ndiyo inayobeba gari. Shoki haibebi; kazi yake ni kuituliza springi. Springi peke yake ikishapigwa haijui kunyamaza: hufupika, hurefuka, kisha hufupika tena, na gari hucheza kama mtumbwi. Ndani ya shoki mna silinda iliyojaa mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo. Gari likipanda au kushuka, mafuta hulazimika kupenya katika vitundu hivyo, na ugumu wa kupenya ndio unaoifunga springi breki. Nguvu ya mtikisiko haipotei, hugeuka joto. Ndiyo maana ukiigusa shoki baada ya safari ya barabara mbovu utaikuta ina moto.

Sheria ya springi ina historia inayowafaa watu wa fasihi. Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, aliigundua katika karne ya 17, lakini kwa kuchelea wengine wasimpokonye sifa, mwaka wa 1676 aliitoa kama fumbo: herufi za sentensi ya Kilatini zilizopangwa kwa mfuatano wa alfabeti, zisisomeke. Mwaka wa 1678 akalifumbua fumbo lake mwenyewe: kadiri springi inavyovutwa, ndivyo nguvu yake ilivyo. Sisi tuliolelewa kwa vitendawili twamwelewa vizuri bwana huyo. Alitega, akaona hakuna ateguaye, akapewa mji.

Tuitazame sheria hiyo kwa hesabu ndogo. Tuseme kila pembe ya gari ina uzito wa kilo 300 unaoilemea springi. Springi inayohitaji kilo 3 ili ifupike kwa milimita 1 itashuka milimita 100 ndipo itulie. Springi ngumu maradufu, ya kilo 6 kwa milimita, itashuka milimita 50 tu. Bila shoki, ya kwanza ingepanda na kushuka mara 1.6 hivi kwa sekunde. Ya pili ingefanya hivyo zaidi ya mara 2. Huo ndio ugumu ambao dereva wa mashindano huupenda, maana gari halilali sana kwenye kona. Huo pia ndio ugumu ambao mgonjwa wa mgongo huuhesabu kwa maumivu.

Yapo magari yaliyoundwa kwa kuanzia upande wa pili wa hoja hii. Citroën 2CV, iliyoonyeshwa Paris mwaka wa 1948, ilibuniwa kwa sharti kwamba mkulima aweze kuvuka shamba lililolimwa akiwa na kikapu cha mayai, na mayai yasivunjike. Nilipomsimulia kaka habari hiyo alicheka, akasema yeye hakununua gari la kubebea mayai. Mama, aliyekuwa akichambua maharagwe karibu, hakuinua kichwa. "Mwanangu," alisema, "mimi ndimi mayai."

Aliyeamua mvutano huo ni fundi, mzee jirani yetu aliyestaafu baada ya kufanya kazi katika gereji tangu ujana wake. Kaka alitaka gari lishuke milimita 60. Mzee hakumbishia kwa maneno. Alichukua kijiti na utepe wa kupimia, akaenda nasi hadi tuta lililo mbele ya maduka, akapima kimo chake. Kisha akarudi, akalala kifudifudi, akapima nafasi iliyobaki chini ya bomba la moshi. Hesabu ilijisemea yenyewe. Akaongeza jambo ambalo kaka hakulijua, nami ndio kwanza nililisikia. Katika gari la muundo huu, mkono wa chini unaoshika gurudumu hulala karibu sawa na ardhi. Ukilishusha gari kupita kiasi, mkono huo huinama, ncha ya gurudumu ikawa juu kuliko ncha ya ndani. Kitovu ambacho gari huzungukia linapolala kwenye kona huporomoka kuliko gari lenyewe lilivyoshuka. Matokeo yake ni kinyume cha matarajio: gari lililoshushwa ili lisilale huweza kutaka kulala zaidi. Isitoshe, shoki hubakiwa na nafasi finyu ya kusafiri, ikawa inagonga mwisho wake kwenye kila shimo. Gurudumu nalo likirushwa hewani haliwezi kufunga breki wala kukata kona.

"Gari la kuonyesha hupigwa picha," Mzee alisema. "Gari la kufika hupimwa." Wakakubaliana milimita 20, na vidhibiti vya shoki viwekwe upande wa ulaini.

Kazi ilianza Jumamosi asubuhi. Hapo ndipo nami nilipopewa cheo. Karatasi ya maagizo iliyokuja na shoki ilikuwa ya Kijapani na Kiingereza, kwa herufi ndogo kama za chupa ya dawa. Mzee aliitazama, akanikabidhi. "Mwalimu," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu aliposikia kuwa ninasomea Kiswahili, "wewe tusomee kwa lugha tunayofanyia kazi."

Tangu sentensi ya kwanza niligundua kuwa nimeshika kitu kizito. Maagizo yalitofautisha kwa makini vitendo viwili ambavyo katika mazungumzo yetu ya kila siku huitwa kwa jina moja. Ukimwambia kijana wa gereji afungue nati, huenda akaizungusha kidogo tu, na huenda akaiondoa kabisa; hali ya kazi ndiyo humwelekeza. Lakini pale uani hali ya kazi haikutosha, kwa kuwa kaka alikuwa chini ya gari hanioni, nami nilikuwa juu nisione mikono yake. Basi kabla ya kugusa chuma tulikaa, watu watatu, tukaafikiana maana. Kulegeza ni kuifanya nati isibane, ilhali ingali kwenye bolti yake. Kufungua ni kuiondoa. Kuchomoa ni kuitoa bolti katika tundu. Kukaza kwa mkono ni kuifikisha nati mahali pake bila spana. Kukaza mwisho ni kukaza kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Tena aliyeambiwa afanye jambo alirejelea neno lenyewe kabla ya kulitenda.

Wanafunzi wenzangu watakuwa wamekwisha kutambua kilichomo ndani ya orodha hiyo. Tunafundishwa kauli ya kutendua: funga ikawa fungua, chomeka ikawa chomoa, kunja ikawa kunjua, ziba ikawa zibua. Mara nyingi tunaikariri kwa ajili ya mtihani tu. Lakini tazama jinsi kauli hiyo ilivyo na ukali wake. Kitendo kikitenduliwa, kimetenduka. Mlango uliofunguliwa haudai kuwa umefungwa nusu. Kaza haikupewa kinyume chake kwa njia hiyo. Kinyume chake ni legeza, yaani kusababisha kitu kilegee, nacho kitu huweza kulegea kidogo, kiasi au sana. Kiswahili kimetenga kitenzi cha hukumu na kitenzi cha kadiri. Nilikuwa nimeijua sarufi hiyo kwa miaka mitatu. Sikuwa nimewahi kuona mtu akiitegemea kwa ajili ya vidole vyake.

Tulianza kwa kulegeza nati za magurudumu gari likiwa bado ardhini, maana likishainuliwa gurudumu huzunguka nawe. Tukalipandisha kwa jeki, kisha tukaliteremsha juu ya stendi za chuma zilizosimamishwa kwenye vipande vya mbao, kwa sababu uani kwetu ni mchanga. Mzee haruhusu mtu aingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kupandishia, husema, wala haikuajiriwa kulinda. Gurudumu likaondolewa. Mpira wa breki na waya wa ABS vikaachiliwa kutoka kwenye vishikizo vyake ili visivutike. Shoki ya mbele hushikwa chini na bolti mbili kubwa za spana namba 19, na ile ya juu kati ya hizo mbili si bolti ya kawaida: kichwa chake kina alama, na ukiizungusha hubadilisha mwinamo wa gurudumu. Mzee alichora mstari kwa ncha ya msumari ili ijulikane ilikuwa wapi. Kisha akalifunga kitako cha gurudumu kwa kamba, lisianguke nje na kuvuta ekseli.

Tukahamia juu, ndani ya boneti. Pale shoki inaposhikana na mwili wa gari pana nati tatu ndogo zilizopangwa kwa duara, na katikati yake nati moja kubwa. Nati tatu hushikilia shoki kwenye gari. Nati ya katikati huizuia springi isifyatuke. Kaka, kwa pupa ya mtu aliyeona mwisho wa kazi, akaweka spana kwenye ile ya katikati. Nilikuwa nimefika kwenye mstari unaoihusu, nikasoma kwa sauti: "Usiilegeze. Usiifungue." Mzee hakungoja niendelee. Aliweka kiganja chake juu ya spana, akakiacha hapo.

"Huyu ni mlinzi wa lango," akasema. "Ukimwondoa, aliyefungwa ndani atatoka na hatakusalimu." Kisha akatuonyesha kovu lililokata nyusi yake ya kushoto. Alilipata akiwa kijana, alipoambiwa na mkubwa wake "fungua hiyo" bila kuelezwa ni ipi.

Maneno hayo yana hesabu pia. Shoki ikishatolewa kwenye gari, springi yake bado imebanwa. Springi ya kilo 3 kwa milimita, ikiwa imebanwa milimita 50 tu, inasukuma kwa nguvu ya kilo 150, sawa na uzito wa watu wazima wawili wanaongojea nati itoke ili waruke pamoja. Sisi hatukuwa na budi kuigusa nati hiyo mwishowe, kwani vikombe vya juu vya shoki kuukuu vilipaswa kuhamishiwa kwenye shoki mpya. Basi shoki ikalazwa chini ubavu, mdomo wake ukielekezwa ukutani. Vibanio viwili vya springi vikawekwa pande mbili zinazokabiliana, vikakazwa kwa zamu, mizunguko michache huku na michache kule, hadi springi ikalegea katika viti vyake na kuanza kucheza ukiisukuma kwa kidole. Hapo tu ndipo Mzee alipouliza: "Mwalimu, karatasi inasemaje?" Nikajibu: "Sasa fungua." Akarudia, "Nafungua," akafungua. Hakikutokea kishindo chochote. Sijawahi kufurahia ukimya kama ule.

Kwa nyuma ilitulazimu kuondoa kiti cha abiria ili tuzifikie nati za juu. Kwa kuwa tulikuwa tumeshafika huko ndani, tulibadilisha pia bushi za mikono ya chini, zilizokuwa zimepasuka kama visigino vya mtembea pekupeku. Vitabu vingi vya magari hueleza kwamba kufunga ni kufuata hatua za kufungua kwa kinyume. Kauli hiyo huweza kumpotosha msomaji. Bushi ni mpira uliogandamana na bomba la chuma. Ukiikaza mwisho gari likiwa linaning'inia, siku utakayoliteremsha mkono utapanda, na mpira utabaki umejipinda katika maisha yake yote, hata gari likiwa limeegeshwa. Baada ya miezi michache utararuka. Kwa hiyo bolti za mikono zilikazwa kwa mkono tu. Gari likashushwa juu ya magogo mapana yaliyowekwa chini ya magurudumu, uzito ukajipanga mahali pake, na ndipo kaka akaingia chini kukaza mwisho. Kumbe kutendua na kutenda havifuati njia moja: kufungua hakuangalii gari limekaaje, ilhali kufunga kunadai kwanza kila kitu kisimame kitakavyoishi.

Jioni ya Jumapili tulipima kimo cha kila pembe, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne. Kitasa cha hesi kikazungushwa hapa na pale hadi upande wa kushoto na wa kulia ukalingana. Jumatatu kaka alilipeleka gari likafanyiwe alaimenti, kwani kimo kikibadilika, uelekeo wa magurudumu nao hubadilika, na tairi zisizotazama mbele sawasawa huliwa upande mmoja kabla ya muda wake. Baada ya kilomita chache za majaribio, nati na bolti zote zilikaguliwa upya kwa spana ya kipimo. Kampuni ya bima nayo ikaarifiwa kuwa gari limebadilishwa, maana mkataba wa bima husomwa kwa makini zaidi siku ya ajali.

Safari iliyofuata ya Nairobi nilikuwamo. Mama aliketi nyuma. Tulivuka tuta la madukani, tukaingia barabara kuu, tukapita Gilgil. Alikuwa ameweka chupa ya maji sakafuni karibu na mguu wake. Tulipokaribia Naivasha kaka hakustahimili tena, akamwuliza gari analionaje. Mama alitazama chini. "Chupa haijaanguka," akasema, akarudi kutazama dirishani. Kaka alitabasamu kilomita nyingi, ingawa nina hakika kwamba moyoni alikuwa angali anazililia milimita zake 40.

Nirejee sasa kwenye lugha, kwa kuwa ndiyo iliyonileta katika kurasa hizi. Wapo miongoni mwetu wanaosikitika wakisikia fundi akisema shoki, springi, bushi na nati, wakadhani kwamba hapo Kiswahili kimeshindwa. Mafundi wa Tanzania nao husema shokapu, na wapo wasemao shokomzoba. Mimi sioni kushindwa. Neno nahodha lina asili ya Kiajemi, na hakuna anayemdharau nahodha kwa ajili hiyo. Lilifika pamoja na vyombo, likavaa ngeli zetu, likawa letu. Neno kamani, ambalo kamusi zetu hulipa maana ya springi kama ile ya saa, nalo lina asili ya Kiajemi katika neno la upinde. Nomino husafiri na bidhaa. Kilicho chetu bila deni ni vitenzi: legeza, kaza, bana, achilia, fungua, chomoa, pachika, tua. Katika siku zile mbili uani sikumsikia Mzee akikopa kitenzi hata kimoja. Nomino zake zilitoka sokoni. Vitenzi vyake vilitoka kwa mamaye.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo utafiti wetu wa istilahi unapoacha pengo. Tumetumia nguvu nyingi kutafuta majina ya vitu, mengine mazuri ambayo hayajawahi kutamkwa na mtu mwenye spana mkononi. Tumesahau kukusanya na kusanifisha maagizo, ambayo ndiyo huokoa nyusi na macho. Vijana wangapi hujifunza kazi katika gereji za jua kali kwa kuambiwa "fungua hiyo"? Vifaa huwafikia vikiwa na onyo lililoandikwa kwa lugha wasiyoisoma, na mtu wa kuwasomea hayupo. Mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili anaweza kuwa mtu huyo. Hahitaji kuwa mhandisi. Anahitaji kuuliza, na kuuliza si ujinga. Aketi na mafundi, asikilize ni wapi neno moja linabeba vitendo viwili, awasaidie kuligawa, kisha aandike walichokubaliana.

Shime basi, wenzangu mnaotafuta mada za tasnifu. Gereji haziko mbali na lango la chuo chochote nchini. Mimi nimeanza na daftari la kurasa 48. Ukurasa wa kwanza una maneno mawili tu, legeza na fungua, na chini yake maelezo ya Mzee kuhusu tofauti yake, kama alivyoyatamka huku kiganja chake kikiwa juu ya spana.